Matundu Matatu na Kidonda Kimoja

Leo nataka kukusimulia habari za tumbo langu. Tumbo la mtu ni siri yake, na mimi pia nilitaka kunyamaza. Lakini wanawake wenzangu waliliona kovu langu mtoni tukifua nguo. Wakaanza kusema mengi. Wengine walisema nimetolewa figo nikauziwa watu wa mjini. Wengine walisema nimerogwa. Nikaona ni afadhali niandike mwenyewe, ili ukweli usomwe.

1. Maumivu upande wa kulia

Mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro. Nina mume na watoto wanne. Nilianza kisomo mwaka 2016, nikiwa na miaka 41. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kuandika hata jina langu.

Ugonjwa ulianza mwaka 2018, wakati wa kupalilia. Nilisikia maumivu chini ya tumbo, upande wa kulia. Hayakuwa makali. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi tena. Mama mkwe wangu alisema, "Hilo ni chango, mwanangu." Akanichemshia mizizi. Nilikunywa asubuhi na jioni. Maumivu yalipoa siku chache, kisha yakarudi kama mgeni aliyesahau kitu.

Nilikwenda kutibiwa. Mara ya kwanza niliambiwa nina ugonjwa wa njia ya mkojo. Mara ya pili niliambiwa ni homa ya matumbo. Mara ya tatu nilipewa dawa za vidonda vya tumbo. Kila mara nilimeza vidonge mpaka vikaisha. Hakuna aliyenilaza kitandani akanibonyeza tumbo. Nami sikusema, "Naomba unipime vizuri." Niliogopa kuonekana mjuaji. Hivyo ndivyo miezi 9 ilivyopita.

Usiku mmoja, mwezi wa 3 mwaka 2019, nilikuwa nimelala chali. Nikajipapasa tumbo. Upande wa kulia nikakuta kitu kigumu, kirefu kidogo, kama ndizi changa. Sikulala tena. Kulipokucha nikamwambia mume wangu. Tulikwenda hospitali ya wilaya siku ile ile.

Safari hii nilikutana na mganga mwanamke. Alinilaza, akanibonyeza, akanipima kwa mashine ya ultrasaundi. Ni mashine inayoonyesha vitu vilivyo ndani ya tumbo bila kukata. Akaniambia, "Mama, kidole tumbo chako kimevimba. Naona kimejaa ute. Huu si ugonjwa wa kutibiwa hapa. Nakuandikia rufaa."

2. Kidole tumbo ni kitu gani?

Kila mtu ana utumbo mwembamba na utumbo mpana. Mahali zinapokutana tumbo hizo mbili, upande wa kulia chini, kuna kijitumbo kidogo kinachoning'inia. Urefu wake ni kama kidole cha mkono. Ndiyo maana kinaitwa kidole tumbo. Mtu anaweza kuishi vizuri bila hicho.

Wengi wetu tunaufahamu ugonjwa mmoja wa kidole tumbo. Kinaziba, kinajaa usaha, mtu anaumwa ghafla na kupata homa. Asipopasuliwa upesi kinaweza kupasuka chenyewe, naye akafa. Lakini upo ugonjwa mwingine usiojulikana sana. Uvimbe unaota ndani ya kidole tumbo. Ni ugonjwa wa nadra. Katika kila vidole tumbo 100 vinavyotolewa hospitali, kimoja hivi ndicho kinachokutwa na uvimbe. Kimoja katika 100 ni kidogo. Lakini kile kimoja kilikuwa changu.

3. Ugomvi wa nyumbani

Tulirudi nyumbani na karatasi ya rufaa. Wazee wa ukoo walikutana jioni. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amewahi kufanya kazi Dar es Salaam. Alisema, "Siku hizi madaktari hawapasui tumbo kwa kisu kikubwa. Wanatoboa matundu matatu madogo. Wanapuliza hewa tumboni, wanatia kamera, wanatazama kwenye televisheni. Baada ya siku mbili mgonjwa anakwenda nyumbani."

Mimi niliposikia hivyo nilifurahi. Nilisema, "Nataka hayo matundu." Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Shamba lilikuwa linaningoja. Tena, mwanamke hapendi kovu refu mwilini mwake.

Mume wangu alikataa. Alikuwa amesikia kwamba katika hospitali ile njia ya matundu ina gharama kubwa zaidi, kwa sababu ya vyombo vyake. Tulikuwa na magunia 11 ya mahindi na mbuzi 3. Hatukuwa na bima ya afya. Akasema, "Daktari ni lazima aone kwa macho yake na kushika kwa mikono yake. Fundi gani anatengeneza baiskeli akiwa nje ya dirisha?"

Watu walicheka, lakini mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Unahesabu mbuzi, huhesabu siku nitakazolala na kidonda." Naye akanijibu, "Na wewe unahesabu kovu, huhesabu uhai wako." Tulilala bila kusemezana. Tuliuza magunia 6 na mbuzi 2, tukasafiri tukiwa bado tumenuniana.

4. Maelezo ya daktari

Katika hospitali ya rufaa nilipigwa picha nyingine kubwa, ile ya CT skani. Ilionyesha kwamba kidole tumbo kimenenepa kufikia sentimita 4. Cha mtu mzima hakifiki hata sentimita 1. Kisha tukaitwa mbele ya daktari bingwa wa upasuaji.

Tulimwamkia. Kabla hajasema neno, mume wangu alisema, "Daktari, sisi tunaomba kisu cha kawaida." Nami nikasema hapo hapo, "Daktari, mimi naomba matundu."

Yule daktari alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alituangalia, akachukua kalamu, akachora kidole tumbo kwenye karatasi.

"Mama," alisema, "umewahi kupika mlenda?"

Nikamjibu kwamba napika karibu kila wiki.

"Basi fikiri kijitumbo hiki ni kifuko chembamba kilichojaa mlenda. Kikiwa kizima, ugonjwa wote umo ndani yake. Nikikitoa kizima, nimeutoa ugonjwa. Lakini kikipasuka mikononi mwangu, ute unatapakaa tumboni kote. Na ndani ya ute ule zimo chembe hai. Chembe hizo zinajishika kwenye utumbo, kwenye ini na kila mahali, zinaota na kutoa ute mwingine. Baada ya miaka tumbo linajaa kama la mjamzito. Kulisafisha tumbo la namna hiyo ni kazi ya saa nyingi, na wengine hawaponi."

Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ninyi wawili mnagombania mlango. Mimi nafikiria mzigo. Mlango wowote ni mzuri kama mzigo utatoka mzima."

Akatueleza njia zote mbili, moja moja.

Katika njia ya matundu mgonjwa hulazwa usingizi mzito kwa nusu kaputi. Tumbo hutobolewa, mara nyingi matundu matatu. Hupulizwa hewa ya kaboni daioksaidi, ambayo ni aina ya hewa tunayoitoa tukipumua. Tumbo huinuka kama hema, na ndani kunakuwa na nafasi ya kufanya kazi. Kamera ndogo huingia katika tundu moja. Vyombo vyembamba huingia katika matundu mengine. Kitu kinachotolewa hutiwa kwanza katika kifuko cha plastiki humo humo tumboni, ili kisiguse mwili kinapotoka. Maumivu ya baadaye ni madogo zaidi. Kidonda hakipati usaha mara nyingi. Mgonjwa hurudi kazini mapema. Tena, kwa kamera daktari anaweza kuchungulia tumbo zima, akaona kama ugonjwa umekwisha kutawanyika.

Lakini njia hiyo ina mipaka yake. Inataka vyombo vya bei, umeme usiokatika na daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Daktari hashiki kwa vidole vyake. Anashika kwa koleo ndefu na nyembamba. Koleo hizo zinaweza kuutoboa uvimbe laini. Uvimbe ukiwa mkubwa sana au umegandamana na viungo vingine, hatari inaongezeka.

Njia ya kufungua tumbo ina mkato mmoja mrefu. Daktari anaona na kushika. Anaweza kuuinua uvimbe taratibu kwa kiganja, kama unavyoinua yai chini ya kuku. Inaweza kufanyika hata katika hospitali isiyo na kamera. Ubaya wake ni maumivu zaidi, siku nyingi zaidi za kulala hospitali, na kidonda kuweza kuingia usaha au baadaye kufanya ngiri.

"Madaktari wa nchi nyingi wamelinganisha njia hizi," alisema. "Kama mgonjwa amechaguliwa vizuri na uvimbe umetoka mzima, matundu si mabaya kuliko kisu. Kwa hiyo nitaanza na matundu nichungulie. Nikiona kwamba kuvuta kunaweza kupasua, nitaacha koleo na kufungua tumbo."

Mume wangu aliuliza, "Na ukifungua, tutalipia mara mbili?" Daktari hakukasirika. Alimwita mtu wa ofisi ya malipo, akatueleza hesabu yote. Ilikuwa chini kidogo ya tulivyoogopa.

5. Wagonjwa wa zamani

Wakati nikingoja zamu yangu, daktari mmoja kijana alikuwa akipita wodini kila jioni. Alipenda kutusimulia. Kwake nilijifunza kwamba ugomvi wetu wa nyumbani ni wa zamani.

Mtu wa kwanza anayejulikana kutolewa kidole tumbo alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 11, mjini London, Uingereza, mwaka 1735. Daktari wake aliitwa Claudius Amyand. Mtoto alikuwa na ngiri, na ndani ya ngiri ile alikutwa kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyoimeza. Wakati ule hakukuwa na dawa ya usingizi. Mtoto alivumilia kisu akiwa macho, naye akapona.

Ikapita miaka 245. Mwaka 1980, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa matundu. Yeye alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Madaktari wengi wa upasuaji walimpinga na kumlaumu. Walisema kazi ile haifai. Leo njia yake imeenea duniani.

Alitusimulia pia habari za Audrey Hepburn, mcheza filamu mashuhuri. Uzeeni alikuwa balozi wa UNICEF. Mwaka 1992 alikwenda Somalia kuwaona watoto wenye njaa. Baada ya safari ile alisumbuliwa na tumbo. Mwezi wa 11 mwaka huo huo, madaktari wa Los Angeles, Marekani, walimchungulia kwa njia ya matundu. Walikuta saratani iliyoanzia katika kidole tumbo, nayo ilikuwa imekwisha kutapakaa tumboni. Alifariki tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63.

Niliposikia habari hiyo niliogopa sana. Nikawaza, mtu yule alikuwa na fedha na madaktari wa kila namna. Lakini kamera ilipoingia, mlenda ulikuwa umekwisha kumwagika. Usiku ule nilimwomba Mungu kifuko changu kiwe kizima. Sikukumbuka tena habari za kovu.

6. Karatasi ya kutia sahihi

Asubuhi ya upasuaji nesi alileta karatasi ya idhini. Alikuwa amekwisha kuandaa kidau cha wino. Alimwambia mume wangu, "Baba, mwambie mama aweke dole gumba hapa."

Nikasema, "Dada, ninajua kusoma. Naomba niisome."

Nilisoma polepole, nikifuata kwa kidole kama tunavyofanya darasani. Nesi alingoja. Iliandikwa kwamba nakubali kupasuliwa kwa njia ya matundu, "au upasuaji mwingine wowote utakaoonekana wa lazima." Nikasimama hapo. Nikauliza, "Maneno haya maana yake nini?"

Nesi akasema, "Ni yale aliyowaeleza daktari. Akishindwa kwa matundu, anafungua. Pia akiona ugonjwa umeshika utumbo, anakata na kipande cha utumbo, kisha anaunga."

Habari ya kukata utumbo ilikuwa mpya kwangu. Nikaomba kumwona daktari tena. Alikuja akiwa amevaa nguo za kijani. Alinieleza kwamba atakata pia sehemu ndogo ya utumbo mpana pale kidole tumbo kilipoanzia, ili asiache mzizi wa ugonjwa. Akasema uvimbe mwingine ulio mkali zaidi hutaka kukatwa upande wote wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi zake. Lakini haikadirii hivyo kwangu.

Ndipo nikaandika jina langu. Mkono ulitetemeka, na herufi hazikukaa katika mstari. Mume wangu aliitazama sahihi yangu kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, alinishika mkono.

7. Nilipoamka

Nilipozinduka jambo la kwanza nililofanya ni kupapasa tumbo. Nilikuta bandeji ndefu kutoka juu ya kitovu kwenda chini. Pembeni zilikuwepo bandeji ndogo tatu. Nikajua. Walikuwa wametoboa na wamefungua pia.

Nililia. Ingawa nilikuwa nimesoma na kutia sahihi, moyo wangu ulisema nimedanganywa. Nilijiona mtu aliyelipia matundu akapewa kisu. Kidonda kiliuma kila nilipokohoa.

Jioni daktari alikuja, akaketi kitandani kwangu. Aliniambia, "Mama, niliingiza kamera nikachungulia kote. Hakuna ute uliomwagika. Lakini kidole tumbo chako kilikuwa kimejificha nyuma na kugandamana na utumbo. Nilipokigusa kwa koleo, ngozi yake ilianza kulegea. Ningeendelea kuvuta kingepasuka. Nikaacha, nikafungua, nikakiinua kwa mkono. Kimetoka kizima."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukufungua tangu mwanzo?"

Akajibu, "Kwa sababu mwanzoni sikujua. Picha haionyeshi kila kitu. Kama kingekuwa huru, leo ungekuwa na matundu matatu tu. Kugeuza njia si kushindwa. Kuna mtu anavuka mto, akaona maji yamezidi, akarudi kutafuta daraja. Huyo ana akili."

Nililala hospitali siku 8. Siku ya 5 kidonda kilipata usaha upande wa chini. Kilisafishwa kila siku, kikapona taratibu.

Kitanda cha jirani alilala binti mmoja, fundi cherehani. Yeye alikuwa ameletwa na maumivu makali ya ghafla na homa. Alitolewa kidole tumbo kwa matundu. Siku ya pili alikuwa akitembea, siku ya tatu akaaga. Nilimwonea wivu, nisikufiche. Nilisema moyoni, yule ana bahati, mimi sina.

8. Kinyama cha maabara

Kabla sijatoka nilipewa karatasi nyingine. Niliisoma. Iliandikwa, "Rudi baada ya wiki 4 kuchukua majibu ya kinyama." Nikaelezwa kwamba kidole tumbo kilipelekwa maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa darubini. Jicho la daktari peke yake haliwezi kujua kama uvimbe ni wa hatari.

Nauli ya kurudi ilikuwa tabu. Fedha zilikuwa zimekwisha. Mume wangu alisema, "Umekwisha kupona, tunarudi kufanya nini?" Lakini aliitazama tena karatasi, akakaa kimya. Siku mbili baadaye aliuza yule mbuzi wa mwisho.

Siku ya kliniki nilimkuta yule binti fundi cherehani amekaa kwenye benchi. Nikashangaa. Yeye aliponea matundu, anatafuta nini? Akaniambia, "Mama, hata mimi sikutaka kuja. Sikuwa na maumivu yoyote. Ila nesi alinipigia simu mara tatu."

Majibu yake yalionyesha kwamba katika ncha ya kidole tumbo chake kulikuwa na uvimbe mdogo mgumu, milimita 6. Hakuna aliyeuona wakati wa upasuaji. Uvimbe wa namna ile, ukiwa chini ya sentimita 1 na umetoka wote, kwa kawaida haudai upasuaji mwingine. Ukizidi sentimita 2 mara nyingi hulazimu kukata na utumbo. Yeye alikuwa amekwisha kupona bila kujua kwamba alikuwa mgonjwa.

Kisha nikaitwa mimi. Uvimbe wangu ulikuwa ule wa ute, wa aina isiyo kali. Ngozi yake haikutoboka. Mahali palipokatwa hapakubaki ugonjwa. Daktari alisema, "Hakuna dawa za kuongeza. Lakini utakuja kupimwa kila mwaka, kwa miaka 5."

Tulitoka nje, mimi na yule binti. Yeye ana matundu matatu. Mimi nina matundu matatu na kidonda kimoja. Tulikumbatiana pale pale mbele ya watu. Wote wawili tulitolewa mzigo mzima.

9. Nyumbani

Nilikatazwa kubeba kitu kizito kwa wiki 6. Msomaji, wewe unajua maisha ya mwanamke wa kijijini. Nani atachota maji? Mume wangu alichota. Siku ya kwanza alikwenda kisimani alfajiri sana ili asionekane. Siku ya pili wanaume wenzake walimwona wakamcheka. Siku ya tatu hakujali tena. Alisema, "Wacheni wacheke. Ndoo hii ni nyepesi kuliko jeneza."

Masika ile tulilima nusu ya shamba tu. Tulipata mahindi kidogo, na tukakopa chakula kwa shemeji. Haikuwa rahisi. Mwaka uliofuata tulijiunga na bima ya afya kabla ya kununua mbuzi mwingine.

Mwaka 2024 nilimaliza miaka yangu 5 ya vipimo. Hawakukuta kitu. Mama mkwe wangu, aliyenichemshia mizizi, ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Sasa msichana akilalamika tumbo upande wa kulia, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Mpelekeni akapimwe, chango litangoja."

Na ninyi mnaoliangalia kovu langu mtoni, sasa mmejua. Figo zangu zote mbili zimo. Kovu lina sentimita 15. Zamani nilikuwa nalifunika kwa khanga. Sasa nalifunika kwa sababu ya baridi tu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwandishi alitibiwa mara tatu kabla ugonjwa haujajulikana. Angefanya nini mapema zaidi? Je, wewe unaona haya kumuuliza mganga?

2. Mume alitaka njia moja, na mke alitaka njia nyingine. Kila mmoja alikuwa na sababu gani? Daktari aliona jambo gani ambalo wao hawakuliona?

3. Taja faida mbili na hasara mbili za kila njia ya upasuaji.

4. Kwa nini yule binti fundi cherehani ilimpasa kurudi hospitali, ingawa hakuwa na maumivu?

5. Soma tena sehemu ya 6. Je, katika kijiji chenu watu husoma karatasi kabla ya kutia sahihi? Toa mfano.